Nilivyoifanya komparata iamue haraka bila kumaliza betri

Komparata yangu ya kwanza, saketi ya kulinganisha volteji mbili na kusema ipi kubwa, ilikuwa ikinywa mikroampea 400 hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kulinganisha. Niliisoma namba hiyo usiku, chumbani kwangu Nyegezi, Mwanza, feni ikizunguka na kompyuta ikiwa ya moto mapajani, nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya betri. Betri ya kidonge aina ya CR2032 ina takriban miliampea-saa 225 kwa volti 3, yaani jouli 2,430 hivi. Mikroampea 400 kwa volti 1.8 ni mikrowati 720. Siku 39. Na hiyo ni komparata peke yake, sijagusa kitu kingine chochote ndani ya chipu.

Siku 39 zisingetosha kwa kazi niliyokuwa naifikiria. Mjomba wangu ni mvuvi wa sangara katika mwalo wa Igombe. Hutega nyavu jioni, huzifuata alfajiri, na kila mara analipa petroli ya kwenda na kurudi bila kujua kama usiku huo samaki walipita au hawakupita. Nilitaka kumtengenezea boya dogo la kufunga kwenye wavu, lenye masikio manane (vipokea sauti vya majini), linalopiga mlio wa kilohezi 200 na kusikiliza mwangwi unatokea upande gani. Ziwa letu, Viktoria, si la kina kirefu, pale penye kina kuliko pote ni kama mita 80, na sauti majini husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi wa samaki aliye mita 30 chini unarudi baada ya milisekunde 40. Hapo kasi si tatizo. Tatizo ni kwamba wimbi lenyewe la mwangwi hupanda na kushuka mara 200,000 kwa sekunde, nami nilitaka nilipime angalau mara sita katika kila mzunguko, kwa masikio yote manane, kupitia kigeuzi kimoja tu, yaani saketi inayogeuza volteji kuwa namba. Ukizidisha unapata karibu sampuli (vipimo) milioni 10 kwa sekunde. Kila sampuli ina nanosekunde 100, basi.

Nilipomweleza Mjomba, aliuliza swali moja tu: “Sasa Mjomba, hicho kidude kitakaa majini muda gani kabla sijakifungua kubadilisha betri?” (Kwetu mjomba na mpwa wote huitana Mjomba.) Nilimwambia msimu mzima. Nilitamka hivyo kabla ya kupiga ile hesabu ya siku 39, kwa hiyo nilikuwa na ahadi ya kutimiza.

Kigeuzi nilichochagua hufanya kazi kama mizani ya mawe. Unamwekea samaki upande mmoja, upande wa pili unaweka jiwe kubwa la nusu ya uzito wote unaowezekana. Samaki akiwa mzito zaidi, jiwe linabaki. Akiwa mwepesi, unalitoa. Unaongeza jiwe la robo, kisha la nusu ya robo, mpaka mawe yaishe. Kwa biti 10 unauliza mara 10. Mawe ni kapasita, vihifadhi vidogo vya chaji, zilizopangwa kwa kupungua nusu kwa nusu, na komparata ni ule mshale wa mizani unaosema upande gani mzito. Mshale ni mmoja, unatumika mara 10 kwa kila sampuli, mara milioni 100 kwa sekunde. Katika nanosekunde 100 nilitenga 20 za kukamata sampuli, zikabaki 80, yaani 8 kwa kila swali. Kapasita zinahitaji kama nanosekunde 5 kutulia. Mantiki ya kuweka na kutoa mawe inachukua 1. Komparata nikaipa 2.

Niseme pia vifaa vyangu, maana watu huniuliza mtu wa Mwanza anachorea chipu wapi. Mwaka 2020 kampuni ya SkyWater ya Marekani, ikishirikiana na Google, iliweka wazi data za kiwanda chake cha nanomita 130, kila mtu azitumie bila kusaini mkataba wa siri. Juu ya hizo ninatumia Xschem kuchora saketi, ngspice kuijaribu, na Magic kuchora tabaka za chuma na silikoni. Zote ni za bure na zinafanya kazi kwenye kompyuta ya mtumba. Nanomita 130 ni teknolojia ya zamani ukiilinganisha na chipu za simu zetu, lakini kwa volti 1.8 na kazi ya analogi inanitosha kabisa.

Sasa ile saketi iliyokula mikroampea 400. Niliijenga kama nilivyofundishwa: vikuzaji viwili mbele vya kuinua tofauti ndogo, kisha lachi ya kuamua, saketi inayoangukia jibu moja kati ya mawili na kulishika. Vikuzaji hivyo vinawashwa muda wote ili viwe tayari. Katika nanosekunde 8 komparata inafanya kazi 2, zile 6 nyingine vikuzaji vinakula bure. Niliviondoa vyote viwili nikabaki na lachi inayoitwa StrongARM. Mzizi wake ni kazi ya wahandisi wa Toshiba mwanzoni mwa miaka ya 1990, jina likaja kutokana na prosesa ya StrongARM ya kampuni ya Digital ambayo iliitumia.

Uzuri wake unauona ukiifuata hatua kwa hatua. Saa, ile ishara inayopanda na kushuka kutoa mdundo wa kazi, ikiwa chini, transista za juu zinavuta nodi zote (maungio ya waya) mpaka volti 1.8, kila kitu kinakaa sawa pande zote mbili na hakuna mkondo unaopita. Saa inapopanda, transista ya mkiani inafunguka, na transista mbili za kuingilia zinaanza kumwaga chaji kutoka pande zote mbili. Ile yenye volteji kubwa kidogo getini, mguu unaoiamuru, inamwaga haraka zaidi. Kwa muda wa pikosekunde mia tatu au nne hivi pande zote mbili zinashuka pamoja, moja ikiwa mbele kidogo. Halafu transista zilizofungwa msalaba kati ya pande hizo zinaamka: upande ulioshuka zaidi unausukuma mwenzake juu, nao ukipanda unamsukuma huyu chini zaidi, tofauti inakua kwa kujizidisha yenyewe mpaka mmoja anafika sifuri na mwingine anarudi 1.8. Baada ya hapo kimya, mkondo umekatika wenyewe. Inakula inapoamua tu. Ukisimamisha saa, kinachobaki ni mvujo mdogo wa transista.

Niliipima kwa kujumlisha mkondo wa chanzo katika mzunguko mmoja wa saa na kuuzidisha na volti 1.8. Ilitoa femtojouli 350 (femtojouli ni jouli moja ikigawanywa kwa milioni ya bilioni) kwa uamuzi mmoja, ambazo kwa maamuzi milioni 100 ni mikrowati 35. Kutoka 720 mpaka 35 kwa usiku mmoja. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ilikuwa ndiyo inaanza.

Kosa la kwanza lilinigharimu wiki tatu, nalo lilikuwa la kupigania kitu kisichonihusu. Transista mbili zilizochorwa sawa kabisa hazitoki sawa kiwandani, kwa hiyo mshale wa mizani huegemea upande mmoja kwa milivolti kadhaa. Ndiyo ofseti. Marcel Pelgrom na wenzake wa Philips walionyesha mwaka 1989 kwamba mtawanyiko huo hupungua kwa kipeuo cha pili cha eneo la transista: ukitaka ofseti iwe nusu, eneo lazima liwe mara nne, na kapasitansi, yaani chaji inayohitajika kulijaza, inakua nalo, na nishati pia. Mimi nikaongeza ukubwa, nikaongeza tena, mpaka transista za kuingilia zikawa kama mikate. Halafu siku moja nikiwa kwenye daladala kutoka mjini, nikakumbuka kwamba komparata yangu ni moja tu. Mizani ikiegemea upande mmoja kwa kiasi kile kile katika kila swali, samaki wote wanapungua gramu zile zile, na mwangwi wote unasogea kwa kiasi kimoja kinachoondolewa kwa kutoa tu. Ofseti ni balaa kwenye kigeuzi cha aina ya flashi, ambacho kwa biti 6 tu kinahitaji komparata 63 zinazoamua kwa pamoja, kila moja ikiegemea upande wake. Kwangu mimi sharti lilikuwa moja: isibadilike katikati ya maswali kumi. Na inabadilika iwapo wastani wa volteji za pande mbili unahama. Basi nikachagua namna ya kubadili kapasita inayouacha wastani huo mahali pake, nikarudisha transista kwenye ukubwa wa kawaida. Anayeanza kazi hii ajiulize kwanza kigeuzi chake ni cha aina gani kabla ya kugusa ofseti.

Kisha nikachora tabaka. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote, na ndipo nilipojifunza kazi hii hasa.

Kwenye mchoro wa saketi, waya hauna uzito. Kwenye silikoni kila waya ni kapasita. Magic ikishachora, unaiambia itoe tena saketi pamoja na kapasita zote zilizojificha, unairudisha ngspice. Kabla ya tabaka, tofauti kati ya pande mbili za lachi yangu ilikuwa ikikua mara 2.7 katika kila pikosekunde 80. Huo muda unaitwa tau, nao ndio moyo wa komparata. Baada ya tabaka, tau ikawa pikosekunde 160.

Mtu anaweza kusema pikosekunde 80 za ziada si kitu. Fanya hesabu. Katika nanosekunde 2 nilizoipa, kama 0.4 zinaliwa na kule kushuka kwa pamoja mwanzoni. Zinabaki 1.6. Kwa tau ya 80 hizo ni tau 20, na tofauti inakuzwa karibu mara milioni 485. Kwa tau ya 160 ni tau 10 tu, ukuzaji mara 22,000. Gawanya volti 1.8 kwa 22,000 unapata mikrovolti 82. Maana yake, tofauti yoyote iliyo chini ya mikrovolti 82 kwenye nodi za lachi haitafika mwisho kabla muda haujaisha. Hatua moja ya kigeuzi changu ni milivolti 1.56, kwa hiyo pengo hilo la kusitasita lilikuwa kama sehemu moja ya 19 ya hatua nzima. Kushuka kule kwa mwanzo hukuza tofauti kidogo na kulipunguza pengo, lakini hata ukilipunguza mara tano bado ni kubwa mno kwa kifaa kinachochukua sampuli milioni 10 kila sekunde. Komparata ikisitasita, mantiki inayoifuata inasoma kitu kisicho sifuri wala moja, jiwe linawekwa kimakosa, na boya linasikia samaki ambaye hayupo.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo mkono hulikimbilia: nikapanua transista za lachi kutoka mikromita 4 mpaka 12, nikiamini kwamba transista pana ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu zaidi. Nishati ikapanda mpaka femtojouli 800. Tau ikashuka kutoka 160 mpaka 140.

Niliziangalia namba hizo siku mbili. Mara mbili na zaidi ya nishati, kwa pikosekunde 20. Halafu nikaandika kwenye karatasi kile ambacho tau ni: kapasitansi ya nodi ikigawanywa kwa nguvu ya transista. Ukiipanua transista mara tatu, nguvu inapanda kama mara tatu, lakini geti lake na dreini yake (mguu unaopitisha mkondo) ni sehemu ya kapasitansi ile ile inayoivuta nyuma, navyo vinapanda mara tatu. Ni kama kumwongeza mpiga kasia kwenye mtumbwi ambaye uzito wake unaongeza kuzama kwa mtumbwi. Kinachoweza kupungua kwa kupanua ni mchango wa mzigo wa nje peke yake. Basi swali likawa: mzigo wangu wa nje ni nini, na umetoka wapi?

Nikaifungua faili ya kapasita zilizotolewa na Magic, mstari kwa mstari, nikiwa na daftari. Hii kazi haina njia ya mkato na siwezi kuisifia vya kutosha. Nilikuta vitu viwili. Cha kwanza, lachi ya pili inayotunza jibu baada ya uamuzi, niliyoichukua kwenye maktaba ya mantiki kama ilivyo, ilikuwa na mageti makubwa yaliyotengenezwa kuendesha waya mrefu, wakati kwangu yalikuwa yanaendesha waya wa mikromita chache. Cha pili, waya za msalaba. Nilikuwa nimeziweka pande mbili za lachi mbali mbali ili mchoro upendeze, waya zikasafiri karibu mikromita 30 kwenda na kurudi, zikipita juu ya waya wa saa.

Nilirudisha transista kwenye mikromita 4. Kati ya lachi na ile ya kutunza jibu nikaweka inveta (saketi ya kugeuza sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri) ndogo kabisa, moja kila upande, ili nodi ya uamuzi isione kitu kingine zaidi ya geti dogo. Nikasogeza pande mbili zikakaribiana, dreini zinazoweza kushiriki eneo moja zikashiriki, waya za msalaba zikawa fupi mno, na waya wa saa nikauzungusha nje. Nilihakikisha kila kitu cha kushoto kina pacha wake kulia, hata kipande cha chuma kisichounganishwa na chochote. Tau ikaanguka mpaka pikosekunde 84, na nishati ikashuka mpaka femtojouli 205, chini kuliko nilipoanza. Kasi na uhaba wa nishati vilikuja pamoja, kwa kupunguza. Nilisimama nikatoka nje nikakaa barazani dakika kadhaa nikiangalia taa za wavuvi wa dagaa kule ziwani.

Hizo 205, hata hivyo, zilikuwa na dosari iliyotokana na uchoyo wangu. Ndani ya StrongARM kuna nodi mbili katikati, kati ya transista za kuingilia na zile za msalaba. Kwa desturi unaziwekea transista mbili za kuzivuta mpaka 1.8 wakati wa kupumzika. Mimi nilizitoa. Hoja yangu ilikuwa kwamba nodi zile zitajaa zenyewe kupitia transista za msalaba, na nodi ikishuka kutoka chini ya 1.8 badala ya 1.8 kamili, inakula nishati pungufu. Majaribio ya kawaida hayakuonyesha kasoro.

Jumamosi moja nilikuwa Kirumba, pale sokoni Mwaloni, nikinunua sato kwa mama mmoja mwenye mizani ya sahani. Kabla ya kila mteja alikuwa anapiga sahani kwa kiganja, mara mbili, pa! pa!, ndipo aweke samaki. Nikamuuliza, “Mama, mbona unaipiga hivyo?” Akasema, “Ute unaishikilia, mwanangu. Nikitoka kupima samaki mkubwa nikaweka mdogo, inamkumbuka yule mkubwa.” Akaweka sato wangu.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja kuandika jaribio hilo hilo. Uamuzi mmoja kwa tofauti kubwa, hasi milivolti 800. Unaofuata kwa tofauti ndogo ya upande wa pili, chanya milivolti 0.8, nusu ya hatua. Kisha tena, tena, tena. Komparata iliyosahau vizuri inatoa sifuri, moja, sifuri, moja. Yangu ilitoa sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Ilimkumbuka yule mkubwa. Transista za msalaba zinaijaza nodi ya kati haraka mpaka karibu volti 1.3, kisha zinajizima zenyewe kwa sababu volteji iliyobaki haizidi kizingiti, na sehemu ya mwisho inajaa kwa kudondoka tone tone. Nodi moja ilikuwa imeshuka hadi chini katika uamuzi uliopita, mwenzake kwa namna nyingine, na nanosekunde 6 za kupumzika hazikutosha kuzifanya zilingane. Milivolti chache tu zilibaki, lakini nilikuwa naitaka iamue kwa 0.8.

Nilizirudisha transista mbili. Nishati ikapanda mpaka femtojouli 230, jaribio likapita. Tangu hapo jaribio hilo ndilo la kwanza ninaloliendesha, kabla hata ya kupima kasi.

Kelele ilinichosha kwa namna yake. Transista zina joto, elektroni zinatikisika, na kwa tofauti ndogo komparata hujibu leo hivi, kesho vile. Hatua yangu ikiwa milivolti 1.56, kelele ya asili ya kugawa kwa hatua ni hatua hiyo ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani 0.45. Nilitaka ya komparata isizidi 0.3. Lakini ngspice haiongezi yenyewe kelele ya transista wakati wa kufuata mawimbi kwa muda. Lazima uweke vyanzo vya kelele kwa mkono, ukokotoe ukubwa wake kutokana na nguvu ya kila transista. Niliviweka kwenye zile zinazochangia zaidi, za kuingilia kwanza. Kisha nikaingiza tofauti ya milivolti 0.3 na kuhesabu moja zimetoka ngapi katika maamuzi 1,000. Kwa kengele ya Gauss, kama kelele ni sawa na tofauti uliyoingiza, utapata moja 841 hivi. Mimi nilipata 812. Kelele 0.34. Imezidi.

Maamuzi 1,000 yalikuwa yanachukua usiku mzima kwenye kompyuta yangu, na mara mbili umeme ulikatika saa tisa usiku betri ikaisha kabla ya asubuhi. Nikaandika skripti inayogawa kazi katika mafungu ya maamuzi 50, kila fungu likihifadhiwa likikamilika, kwa mbegu tofauti ya namba za bahati. Umeme ukirudi inaendelea ilipoishia. Ni jambo dogo lakini bila hilo nisingemaliza.

Dawa ya kelele ilikuwa kitu kisichogharimu nishati. Nilishusha wastani wa volteji za kuingilia kutoka 1.1 mpaka 0.9. Transista za kuingilia zikapata mkondo mdogo, zikamwaga chaji polepole, na kule kushuka kwa pamoja kukachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo zilikusanya tofauti kwa muda mrefu zaidi kabla ya lachi kuamka. Mtikisiko unafutana, ishara inajikusanya. Safari hii nilihesabu moja 866 katika 1,000. Kelele 0.27. Nililipa pikosekunde 90 za ucheleweshaji, ambazo nilikuwa nazo.

Teke la nyuma nilipambana nalo kwa siku moja tu. Nodi za ndani zinapoanguka kutoka 1.8, zinasukuma chaji kupitia mageti ya kuingilia kurudi kwenye kapasita za mizani, na kunitikisia kile ninachokipima. Nikaongeza transista mbili zisizofanya kazi, moja kati ya geti la kushoto na dreini ya kulia, nyingine kinyume chake, ili teke la upande mmoja likutane na la upande wa pili. Kuna muundo wenye mikia miwili, uliotolewa mwaka 2007 na kundi la Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, unaotenganisha kuingilia na kuamua na kupunguza teke hilo kwa asili yake. Niliujaribu. Kwa volteji ndogo ningeuchagua bila kusita, lakini kwa 1.8 na kasi yangu ulikula zaidi, nikabaki na wangu.

Kitu kilichonikera zaidi ni nilichokigundua mwishoni. Katika namba zangu zote sikuwa nimehesabu nishati ya kuendesha saa. Geti la transista ya mkiani na mageti manne ya kuvuta juu lazima yajazwe na kumwagwa kila mzunguko, na anayeyajaza ni inveta ambayo nilikuwa nimeichukulia kama chanzo bora kisichokula. Nilimpa kiendesha saa chanzo chake cha umeme ili nimsome peke yake: femtojouli 60. Zile 230 zilikuwa kweli 290. Nikapunguza transista ya mkiani, ambayo haikuhitaji upana wote ule baada ya kushusha wastani wa kuingilia, nikafanya nyembamba zile za kuvuta juu hadi pale jaribio la kumbukumbu lilipoanza kuyumba, kisha nikaongeza kidogo. Jumla ya mwisho, saa ikiwa ndani, ni femtojouli 240. Ukisoma namba ya mtu yeyote, uliza kama saa imo.

Mikrowati 24. Betri ya kidonge ingeihudumia komparata hiyo peke yake kwa zaidi ya miaka 3, ikifanya kazi bila kulala. Boya lenyewe lina vitu vingine vinavyokula zaidi, hasa kile kinachopiga mlio, lakini komparata si yenye kuumiza tena.

Jaribio la mwisho niliendesha kwa hali mbaya kuliko zote: transista za upande wa polepole, volteji imeshuka mpaka 1.62, joto nyuzi 85, maana boya likianikwa juani juu ya mtumbwi mchana halitakuwa la ubaridi. Tau ilipanda mpaka 118. Ikijumlishwa na mwanzo unaochelewa zaidi, nanosekunde 2 zinatoa kama tau 11, na hizo hazinitoshi. Nikaikopa nanosekunde moja kutoka kwenye zile 5 za kapasita kwa maswali matano ya mwisho, ambayo mawe yake ni madogo na hutulia upesi, na ndiyo yenye tofauti ndogo za kusitasita. Tau zikawa karibu 20. Sifuri, moja, sifuri, moja, mara 2,000, bila kukosea.

Jumapili nikaenda Igombe. “Shikamoo Mjomba.” “Marahaba, Mjomba. Umekuja na kidude?” Nikamwambia kidude bado, ila mshale wa mizani yake uko tayari, nikamweleza kwa sahani mbili za chai na sukari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaelekeza kidole kwenye mtumbwi uliokuwa unaingia mwaloni na injini yake ya nyuma, akauliza, “Ile ikipita karibu na wavu, hayo masikio yako yatasikia nini?”

Sasa ninachora kichujio cha kuingilia.